Hita kwenye Land Rover ya babu: kwanza tafuta themostati

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, ya petroli, injini ileile ya kiwandani, aliyoniachia babu. Bodi yake ni ya bati mpaka nyuma. Niko Makete na karibu kila alfajiri napeleka viazi Njombe. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ndani ya gari haivumiliki. Kioo cha mbele kinajaa ukungu, naendesha mkono mmoja nimeshika kitambaa. Mke wangu akipanda na mtoto tunawafunika blanketi. Gari halijawahi kuwa na hita. Fundi mmoja ameniambia ninunue hita ya umeme ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Mwingine anataka kupitisha bomba la ekzosi ndani ya boksi la bati chini ya viti. Nifunge ipi, na nitaifunga vipi bila kuharibu gari la babu?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa baridi. Magari haya nimeyahangaikia miaka mingi huku nyanda za juu, na bati la Land Rover saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba nalijua. Nianze na hayo mawili uliyoambiwa, kwa sababu moja litakula hela yako bure na la pili linaweza kuua familia yako.

La ekzosi likatae leo hii. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyoonekana na isiyonusika, ambayo ikiingia mapafuni hukamata damu mahali pa oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha hulegea na kusinzia, na dereva anayesinzia kwenye miteremko ya huko kwenu unajua mwisho wake. Bomba linalopata moto na kupoa kila siku hupasuka, na hupasukia pale lilipochomelewa. Niliwahi kuletewa gari lililofungwa boksi la namna hiyo. Mwenyewe alilalamika kichwa kinamuuma kila akifika mwisho wa safari, akadhani ni malaria, ameshameza dawa mara mbili. Nilipolichomoa boksi na kulisugua kwa brashi ya waya nikakuta ufa mwembamba kama unywele kwenye mshono, na pembeni yake masizi meusi yametanda kama wino uliomwagika kwenye karatasi. Moshi ulikuwa unatokea hapo na kuingia moja kwa moja walikokaa watu. Ni kweli Volkswagen ya kobe hupata joto lake kwenye ekzosi, lakini ile haina maji kwenye injini, haina njia nyingine, na mikoba yake ya kupashia hewa ilitengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Hata hiyo ikioza kwa kutu inakuwa na hatari ileile. Gari lako lina maji ya moto, kwa hiyo huna sababu ya kwenda kwenye moshi.

Kuhusu kihita cha tundu la sigara, piga hesabu mwenyewe. Vingi vina wati 150. Pasi ya nyumbani ina wati 1,000 na zaidi, na huwezi kupasha chumba kwa pasi, seuze gari la bati lenye upepo unaoingia kila kona. Wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12 na nusu. Alteneta za Lucas zilizokuja na magari ya umri wa lako hutoa ampea 34 hivi injini ikikimbia, na injini ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta hutoa pungufu sana. Ukiwa umewasha taa kubwa, waipa na koili, hicho kihita kitamalizia umeme uliobaki, na kitakachopatikana ni uvuguvugu wa kupasha vidole. Waya za tundu hilo nazo hazikuwekwa kwa mzigo huo. Nimeziona zilizoyeyuka zikagandana.

Kinachokufaa ni hita ya maji. Petroli unayochoma, karibu theluthi moja ya nguvu yake inaishia kwenye maji ya kupozea injini, kisha rejeta inaitupa hewani. Hita ya maji huchukua sehemu ya joto hilo kabla halijatupwa. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye rejeta ndogo ndani ya kabini, feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, na maji yanarudi kwenye pampu. Rejeta ndogo ya kawaida inatoa kilowati tatu bila shida, yaani mara 20 ya kile kihita, na umeme unaotumika ni wa feni peke yake.

Sasa nisikilize vizuri kabla hujanunua chochote. Fungua nyumba ya themostati uone kama ndani mna themostati, yaani kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ningekuwa nabahatisha, ningesema hamna. Huku kwetu gari likichemka mara moja tu, jambo la kwanza mafundi wengi hulifanya ni kuitoa na kuitupa, wanasema ni ya nchi za baridi. Nami nakuambia Makete ni nchi ya baridi. Kule juu kwenye uwanda wa Kitulo wanaamka na barafu juu ya majani mwezi wa saba. Injini isiyo na themostati, kwenye baridi hiyo, ikishuka mlima bila kukanyaga mafuta, maji yake hayapandi hata kufikia joto la chai ya kunyweka. Utafunga hita ya gharama yoyote duniani, itakupulizia upepo wa baridi. Wateja wengi walionijia wakilalamika kwamba hita ni mbovu, ubovu haukuwa kwenye hita.

Na kuitoa hakuponyi kuchemka. Injini yako ya lita 2.25 ina njia fupi ya maji, kimpira kinachorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta, ili injini ipate joto haraka inapowashwa. Themostati ya asili ina sketi ya chuma. Inapofunguka njia ya rejeta, sketi hiyo hushuka na kuziba njia fupi. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kupozwa hata kidogo. Ndiyo maana unaweza kuwa na gari linaloganda kwenye mteremko na kuchemka kwenye mlima siku hiyohiyo. Kwa hiyo unapokwenda dukani omba themostati ya nyuzi 82 na ushike mkononi uone ina sketi. Siku hizi zinauzwa nyingi zisizo nayo, zinakaa mahali pake vizuri tu lakini haziifanyi kazi yote.

Ukinunua, ipime. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka na kipimajoto, washa moto mdogo. Karibu na nyuzi 82 utaona kisahani kinaanza kuachia. Jambo moja la huko juu unakokaa: themostati hufunguka kabisa baada ya kupanda nyuzi 10 na kitu zaidi, na maji kwenye mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93, ukipanda Kitulo ni kama 91. Maji ya sufuria yatachemka kabla haijafunguka yote. Usiirudishe dukani ukadhani ni mbovu. Ndani ya injini maji yamebanwa na mfuniko wa rejeta wa paundi 9 au 10, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Na hapo tazama mfuniko wenyewe. Kama raba yake imekauka na springi imelegea, gari linachemka mapema kuliko linavyopaswa, na huenda hiyo ndiyo sababu fundi wa zamani aliilaumu themostati.

Ifunge, jaza maji, uendeshe wiki nzima bila hita. Tazama geji. Ikipanda ikatulia katikati na kubaki hapo mlimani na mteremkoni, uko tayari kwa hita. Ikipanda mpaka kuchemka, una tatizo lililokuwa limefichwa, iwe ni rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka au gasketi ya silinda hedi, na hilo litengenezwe kwanza. Na ikiwa asubuhi za baridi kali bado iko chini, fanya walivyofanya wazee: kipande cha boksi gumu mbele ya rejeta kufunika theluthi yake ya chini, na ukitoe jua likipanda. Land Rover wenyewe walikuwa wakiuza blanketi la rejeta kwa kazi hii. Usifunike yote, na usikisahau.

Baada ya hapo kuna maji yenyewe. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, chovya kidole. Kikitoka na rangi ya chai ya rangi, hiyo ni kutu ya bloku, na bloku pamoja na hedi ya injini yako zote ni chuma cha kalibu. Miaka ya kujazia maji ya mtoni na ya bomba imeleta kutu na chokaa. Rejeta kubwa ina njia pana kidogo, inavumilia. Rejeta ndogo ya hita ina vijia vyembamba, tope hilo litaiziba msimu wa kwanza. Kwa hiyo mwaga maji yote, ya rejeta na ya bloku. Pembeni ya bloku kuna koki au plagi ya kumwagia, na mara nyingi ukiifungua haitoki kitu mpaka uchokonoe kwa waya. Toa themostati, ingiza mpira wa bustani kwa juu, suuza mpaka yatoke meupe. Kisha geuza, suuza kwa upande wa pili. Kazi hii ichukue asubuhi nzima, usiione haraka.

Unapojaza tena weka kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Mfumo wako unabeba kama lita 10, kwa hiyo lita tatu na nusu za kulanti kali isiyochanganywa na zilizobaki maji ya mvua uliyochuja kwa kitambaa zinatosha, na zitakulinda na barafu yoyote ya Makete. Wengi huku wanadhani kulanti ni ya barafu tu. Kwangu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu, na ndiyo itakayoiweka hai rejeta ndogo. Ihifadhi mbali na mtoto na mbwa. Ni tamu mdomoni na ni sumu kali.

Kuhusu hita gani, una njia mbili za heshima. Ya kwanza ni ile ya Series III yenyewe, ambayo ina feni upande wa injini inayovuta hewa safi ya nje na kuisukuma kwenye boksi la rejeta ndogo, kisha inagawanywa miguuni na kwenye kioo. Hii inaingia mahali palipoandaliwa na kiwanda. Ukilala chali chini ya dashibodi na tochi, tafuta vibamba vidogo vilivyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta unaotenga injini na kabini. Magari mengi yaliyokuja nchi za joto bila hita yana vibamba hivyo, na nyuma yake kuna matundu tayari. Ubaya wake ni kwamba mpya ni ghali, na iliyotumika mara nyingi boksi lake limeoza.

Ya pili ndiyo niliyowafungia wengi: hita ya nyuma ya Hiace au Noah. Magari ya Kijapani ya abiria yana hita ndogo ya pili chini ya kiti cha kati, boksi moja lenye rejeta na feni yake. Kwenye gereji za magari chakavu mara nyingi hutupwa pembeni, maana Dar es Salaam nani anaitaka? Ni ndogo, ina nguvu, inakaa chini ya dashibodi upande wa abiria juu ya miguu. Angalia volti kabla hujalipa. Za Coaster nyingi ni volti 24, kwako feni itazunguka kivivu.

Hita yoyote iliyotumika ipime kabla ya kuifunga. Ziba mdomo mmoja kwa kipande cha mpira na bolti, mdomo wa pili unganisha pampu ya baiskeli, izamishe kwenye ndoo ya maji. Pampu taratibu, paundi 15 zinatosha, ukizidisha utaipasua mwenyewe. Subiri viputo vya hewa iliyonasa kwenye mapezi viishe. Ukiona mlolongo mwembamba wa viputo unaotoka sehemu moja bila kukoma, kama samaki anapumua, hapo pana tundu. Ikiwa ni ya shaba, fundi rejeta ataiziba kwa risasi nusu saa. Ikiwa ni ya aluminiamu, itafute nyingine.

Kufunga kwenyewe si kazi ngumu. Maji ya moto yanachukuliwa kwenye hedi, yanarudi upande wa pampu unaovuta. Kwenye gari lisilo na hita milango hiyo imezibwa kwa plagi. Plagi zilizokaa tangu 1976 hazitoki kwa hasira. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu jioni, rudia asubuhi, washa injini ipate moto kisha uizime, ndipo uweke spana ya duara. Ikigoma, pasha chuma kilichoizunguka, si plagi yenyewe. Kuvunja mdomo wa nyumba ya pampu kwa kulazimisha ni kununua pampu. Wale wenye Land Rover zilizobadilishwa injini zikawekwa za Toyota au Isuzu wana nafuu. Injini hizo huja na milango ya hita, na mara nyingi utakuta imeunganishwa kwa kimpira kilichopindwa kama kwato ya farasi. Kata hapo, umeshapata kwenda na kurudi.

Mpira uwe wa hita, wenye nyuzi ndani, wa kipenyo cha milango yako. Nyingi ni nusu inchi au inchi tano kwa nane, kwa hiyo pima, usikisie. Mpira wa gesi au wa bustani hautakaa na joto hilo. Pale unapopita kwenye ukuta wa injini weka raba ya duara kwenye tundu, la sivyo bati litaukata kidogokidogo kila gari likitikisika, na utajua siku maji ya nyuzi 80 yatakapomwagikia miguu ya mkeo. Uweke mbali na bomba la ekzosi. Kwenye mpira wa maji yanayokwenda, upande wa injini, weka koki. Msimu wa joto unaifunga, na rejeta ndogo ikitoboka njiani unaifunga vilevile. Kama koki itaachia kidogo, uwe na kiungio cha bomba cha kipenyo hicho na klempu mbili kwenye boksi la spana. Unaunganisha kwenda na kurudi palepale, unaruka hita, unafika nyumbani.

Kabla hujatoboa tundu jipya popote, tazama pande zote mbili za bati. Ujana wangu nilitoboa ukuta wa injini nikiwa nimekagua upande mmoja tu, drili ikaingia kwenye mkungu wa waya uliokuwa umebanwa upande wa pili. Siku mbili nilizitumia kuunganisha waya moja moja usiku na mchana, na gari halikuwa langu. Tangu hapo sitoboi bila msaidizi kushika kidole upande wa pili na kunionyesha.

Umeme wa feni uchukue kwenye njia inayokatika ukizima ufunguo, kwa waya wa milimita mbili na nusu, na fyuzi iwe karibu na unapochukua umeme, si karibu na feni. Feni hizi hula kati ya ampea nne na nane kutegemea ukubwa, fyuzi ya 10 au 15 itatosha. Waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ndio unaosumbua watu. Paneli za nje za Land Rover ni aluminiamu, na chuma kikikutana na aluminiamu kwenye unyevu panaota unga mweupe, umeme unakatika. Upeleke kwenye chuma cha ukuta wa injini au chesisi, kikwaruze mpaka king'ae, funga, kisha paka grisi. Wenye magari ya zamani zaidi, ya Series II na IIA kabla ya kiasi cha 1967, wakumbuke kwamba mengi bodi yake ni chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Feni za kisasa zenye sumaku zikifungwa hapo bila kugeuza waya huzunguka kinyume, na mtu anabaki kushangaa hita haipulizi inavyopaswa.

Kujaza maji ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Hewa ikinasa kwenye rejeta ndogo, maji hayapiti na hita inabaki baridi ingawa kila kitu kimefungwa sawa. Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye kilima kidogo, na vigingi kwenye magurudumu. Fungua koki ya hita yote. Legeza klempu ya mpira wa juu wa rejeta ndogo, jaza maji kwa rejeta polepole mpaka mpira huo uteme maji bila kukohoa hewa, kaza. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache ipate moto, ongeza maji yanaposhuka. Utaona pale themostati inapofunguka maji yanashtuka na kuanza kukimbia. Shika mipira miwili ya hita kwa uangalifu: wa kwenda uwe moto, wa kurudi uwe moto pungufu kidogo tu. Wa kurudi ukiwa baridi, kuna hewa au kuna uchafu.

Sasa ukungu, maana naona ndio unaokutesa zaidi. Ukungu ni maji ya pumzi zenu yanayokutana na kioo cha baridi, na wewe una chanzo kingine nyuma yako: magunia ya viazi yenye udongo mbichi. Bodi yako ni moja mpaka nyuma, unyevu wote huo unakuja mbele. Hita ya Series III inavuta hewa ya nje, kwa hiyo inakausha. Hita ya Hiace inazungusha hewa ileile ya ndani, na ukifunga kila kitu itapasha unyevu na kuurudisha kwenye kioo. Ukichagua hiyo, fungua kidogo kile kidirisha cha kupitishia hewa chini ya kioo cha mbele, upande wa abiria, na elekeza mpira mmoja wa hewa ya moto kwenye kioo. Pana mtu aliyekatisha mpira wa bomba la mashine ya kufulia kwa kazi hii na umekaa miaka. Pazia zito la turubai nyuma ya viti litazuia unyevu wa magunia na litakupunguzia nafasi ya kupasha kwa zaidi ya nusu. Kwa pesa unayotoa, hilo pazia litakupa joto kuliko feni kubwa zaidi.

Kabla ya pazia, ziba upepo. Ingia ndani ya gari mchana wa jua kali, mwambie mtu akufungie, utazame mwanga unaingilia wapi. Kwenye magari ya umri huu utauona kwenye raba za vile vidirisha viwili vya chini ya kioo, kwenye mifereji ya vioo vya kusukuma, chini ya milango, na kuzunguka mabati ya sakafu na kifuniko cha gia boksi. Raba za vidirisha badilisha, mifereji weka mipya yenye manyoya, na mabati ya sakafu yafungue, safisha, rudisha kwa mkanda wa sponji ya raba. Penye mwanga kwenye sakafu na ukuta wa injini ni pa haraka zaidi, kwa kuwa upepo unaopita hapo unapita kwanza kwenye injini na ekzosi yako. Wakati uko chini huko, pitisha mkono karibu na maungio ya ekzosi injini ikiwa imewashwa baridi, usikilize kama kuna pumzi inayovuja. Gari lililozibwa vizuri halisamehe ekzosi inayovuja.

Ukiendelea na safari halafu siku moja ukasikia harufu tamu ndani, au kioo kikawa na utando wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, hiyo ni kulanti inayovuja kwenye rejeta ndogo. Funga koki, tazama zulia la upande wa abiria.

Kazi yote ukiianza Ijumaa na themostati ukiwa umeshaijaribu, Jumapili jioni unaimaliza. Baada ya wiki moja, asubuhi injini ikiwa imepoa, kaza klempu zote tena, kwa sababu mpira mpya hulala kidogo ukishapata joto, na uongeze maji yaliyopungua. Kuhusu gari la babu, ukitumia matundu ya kiwandani hutakuwa umetoboa kitu. Vile vibamba na skrubu zake na plagi mbili za injini visitupwe. Vipake grisi, vifunge kwenye gazeti, andika juu yake vilikotoka, uviweke kwenye boksi la spana chini ya kiti.